Jogoo wa Sadaka na Kimya cha Haleluya

Katika Haleluya ya mtunzi Handel kuna mahali ambapo wanakwaya huogopa kuliko sauti za juu zote za wimbo huo, nako ni karibu kabisa na mwisho. Kwaya nzima, pamoja na vyombo vyake, hurudia neno Haleluya mara nne mfululizo kwa nguvu na kwa mwendo wa haraka, kisha kila kitu hukatika ghafla. Haimbi mtu, halii tarumbeta. Baada ya mapigo machache ya kimya, sauti zote nne huingia tena kwa pamoja, safari hii taratibu na kwa uzito, na kuimba ile Haleluya ya mwisho inayoufunga wimbo. Mtu aliyebebwa na mwendo, akadhani kwamba bado kuna Haleluya ya tano, huingia katika kimya hicho peke yake, na sauti yake husikika hadi mlangoni. Nimekuwa sauti ya pili katika kwaya ya usharika wetu tangu nikiwa msichana, na ninaweza kusema bila kusita kwamba kimya hicho kimenifundisha mengi kuhusu uimbaji kuliko nota zote zinazokitangulia. Sehemu kubwa ya mafunzo hayo niliipata katika Krismasi moja, miaka kadhaa iliyopita, siku ambayo kimya chenyewe kilivunjwa na jogoo.

Usharika wetu upo upande wa Machame, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, katikati ya migomba na mibuni. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig walifika Machame mwaka 1893, na kutoka kwa Walutheri wa Kijerumani tulirithi mambo mawili ambayo hadi leo hatujayaacha: kuimba kwa sauti nne na kupiga matarumbeta ibadani. Desemba ikifika, jioni husikika matarumbeta yakijaribu nyimbo za Krismasi kutoka ng'ambo ya korongo, yakikosea, yakirudia. Kisha huanza kufika watu. Wachaga walioko Dar es Salaam, Mwanza, Dodoma na kwingineko hurudi nyumbani kwa wingi kiasi kwamba barabara ya kutoka Dar es Salaam, yenye zaidi ya kilomita 500, hujaa mabasi usiku na mchana, na vihamba, yaani mashamba ya migomba yenye nyumba zetu, vilivyokuwa na wazee peke yao mwaka mzima hujaa wajukuu wanaouliza choo kiko wapi. Kanisa ambalo Jumapili ya kawaida lina nafasi za kutosha, siku ya Krismasi huongezewa viti hadi nje, chini ya maturubai.

Kwaya nayo hujaa. Waliokulia humo kabla ya kwenda mjini kutafuta maisha hurudi wakiwa na haki zao zote za zamani, na hakuna mwalimu wa kwaya mwenye moyo wa kumwambia mtu aliyesafiri kutwa nzima kwamba nafasi imejaa. Tatizo ni kwamba kila mmoja anakuja na wimbo aliojifunza kule alikokuwa. Haleluya ni ileile, lakini maneno ya Kiswahili hutofautiana, kwa kuwa waliotafsiri ni wengi. Baadhi ya kwaya za mjini hukata sehemu za katikati ili ibada isirefuke. Wengine wamezoea kinanda chenye ngoma za umeme zinazojaza kila nafasi, hata ile isiyopaswa kujazwa. Mwaka ule tulipokutana kwa mazoezi ya kwanza ya pamoja, siku chache kabla ya sikukuu, tulifika kwenye zile Haleluya nne za mwisho tukiwa wazuri kabisa, tukaingia kwenye kimya, na ndani ya kimya hicho nikahesabu angalau sauti tatu zilizoendelea na safari.

Mwalimu wetu alishusha mikono, akatutazama, akasema kwa upole, "Jamani, kuimba mnajua. Sasa tujifunze kunyamaza."

Ili msomaji aelewe kwa nini jambo hilo ni gumu, ni lazima nieleze jinsi tunavyosoma muziki. Kama kwaya nyingi za Tanzania, hatutumii nota za mistari mitano. Tunasoma solfa, yaani herufi zinazosimama badala ya do, re, mi, fa, so, la na ti, zikiwa zimepangwa mstari mmoja kwa kila sauti. Utaratibu huu uliendelezwa Uingereza katika karne ya 19 na mchungaji John Curwen, kutokana na kazi iliyoanzwa na mwalimu Sarah Glover, na wamisionari wakaueneza katika sehemu nyingi za Afrika kwa sababu hauhitaji chochote zaidi ya karatasi na kalamu. Ni utaratibu ninaoupenda sana, kwa kuwa umewawezesha wakulima, mama wa nyumbani na vijana wa shule kuimba kazi kubwa za muziki bila kuwahi kugusa kinanda. Katika solfa, nukta mbili hutenganisha pigo na pigo. Nukta moja huligawa pigo nusu kwa nusu. Kistari humaanisha kwamba sauti iliyotangulia inaendelea kushikiliwa. Lakini kimya hakina alama yoyote. Kimya huandikwa kwa kuacha nafasi tupu.

Hapo ndipo penye hatari. Jicho la mwanakwaya hutafuta herufi, na pale palipo peupe huona karatasi tu. Zaidi ya hayo, nakala zetu zilikuwa fotokopi ya fotokopi, na wengi wetu tulikuwa tumenakili nyimbo kwa mkono kwenye madaftari, kazi ambayo humlazimu mtu kubana mistari ili ukurasa utoshe. Anayebana mistari hafuti herufi hata moja; anachopunguza ni nafasi tupu. Mwalimu alipokusanya madaftari yetu jioni ile na kuyafungua kwenye ukurasa wa mwisho wa Haleluya, alikuta kwamba katika mengi yao Haleluya ya nne na Haleluya ya mwisho zilikuwa zimekaa bega kwa bega, hazina chochote kati yake. Wale walioingia kwenye kimya walikuwa wanaimba sawasawa na kilichoandikwa mbele yao. Nilipoona hivyo niliacha kabisa kuwalaumu wageni, na tangu siku hiyo, mtu akikosea mahali palepale zaidi ya mara moja, jambo la kwanza ninalotazama ni karatasi yake.

Mazoezi yaliyobaki yalikuwa ya kimya. Tuliimba mstari wa mwisho tu, tukaurudia mpaka wapita njia wakasimama dirishani wakishangaa kwaya isiyojua wimbo zaidi ya neno moja. Mwalimu alitufundisha kwamba mwanakwaya anapokuwa kimya bado yumo ndani ya wimbo na ana kazi ya kufanya: kwa pigo la kwanza aukate mwisho wa neno kwa usafi, asiache "ya" ikining'inia, kisha avute pumzi kwa tumbo, pamoja na wenzake, kisha awe tayari ameupa mdomo wake umbo la "Ha" kabla mkono wa mwalimu haujashuka. Besi waliambiwa wahesabu kwa kidole gumba cha mguu ndani ya kiatu, mahali ambapo hakuna atakayeona. Wapiga matarumbeta waliambiwa wasiondoe chombo mdomoni, kwa sababu anayeondoa chombo hujisahau, na anayejisahau huchelewa.

Aliyetupa shida zaidi alikuwa bwana mmoja kutoka Dar es Salaam, besi mwenye sauti ya kutetemesha vioo, ambaye kwaya nzima ilimwita Shemeji kwa kuwa alikuwa ameoa binti wa sauti ya kwanza. Karibu kila jioni aliingia kwenye kimya, na kila alipoingia aliomba msamaha kwa unyenyekevu mkubwa, kisha akaingia tena. Mwalimu hakuwahi kumfokea. Jioni moja alimwendea hadi aliposimama, akamshika bega, akamwambia, "Shemeji, kimya hiki ni cha kwetu sote. Usikichukue peke yako." Watu walicheka, Shemeji akacheka kuliko wote, na baada ya hapo hakukosea tena.

Katika siku hizohizo mwinjilisti mmoja mstaafu, mzee tunayemheshimu sana, alikuja mazoezini akauliza kwa nini tunaimba wimbo wa Pasaka siku ya Krismasi. Swali lake lilikuwa la haki. Handel alitunga kazi nzima ya Messiah, ambamo Haleluya ni sehemu tu, mwaka 1741 kwa siku 24, na iliimbwa kwa mara ya kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742, siku zilizo karibu na Pasaka. Haleluya yenyewe hufunga sehemu ya pili, inayohusu mateso, ufufuo na kuenea kwa Injili, na maneno yake yametoka katika Ufunuo, sura ya 11 na ya 19. Mwalimu alimjibu mzee kwamba yote hayo ni kweli, kisha akasema kwamba anayetajwa katika wimbo huo kuwa Mfalme wa wafalme ndiye huyuhuyu aliyelazwa horini. Mzee aliridhika, akakaa kusikiliza. Mimi pia naridhika na jibu hilo, na ninaongeza kwamba kwetu watu wote huwapo siku ya Krismasi tu; wimbo unaohitaji umati wa namna hiyo huimbwa siku ambayo umati upo.

Siku yenyewe ilikuja na jua. Ibada ilianza kwa kuchelewa kidogo, kama ilivyo kawaida pale magari yanapojaza njia nyembamba ya kuingilia kanisani, na sadaka zilikuwa nyingi. Kwetu, asiye na fedha taslimu huleta alichonacho: mkungu wa ndizi, maziwa, mayai, maharagwe, kuku, wakati mwingine mbuzi. Vitu hivyo huwekwa mbele wakati wa ibada, na baada ya ibada hunadiwa nje ili fedha zitakazopatikana ziingie katika hazina ya usharika. Bibi mmoja wa jirani alileta jogoo mkubwa mwekundu mwenye mkia mweusi, amefungwa miguu kwa kamba ya mgomba, ndani ya kikapu kilichofunikwa kwa khanga. Anayejua kuku anajua kwamba ukimfunika gizani hutulia, na kwa muda mrefu jogoo yule alitulia kiasi kwamba wengi hawakujua yupo. Sehemu ya karibu na madhabahu ilikuwa imejaa ndizi, hivyo mzee wa kanisa akakisogeza kikapu upande wetu, chini kabisa ya benchi la kwanza la waumini, hatua chache kutoka waliposimama sauti ya kwanza.

Haleluya iliwekwa baada ya mahubiri. Handel aliiandika katika ufunguo wa D, lakini sisi huishusha hadi C, kwa sababu matarumbeta yetu hulia vizuri zaidi hapo na kwa sababu ile sehemu ambayo sauti ya kwanza hupanda ngazi kwa ngazi, ikishikilia kila ngazi kwa muda mrefu, huchosha hata waimbaji wazoefu. Mwalimu akatoa sauti, akainua mikono, tukaanza. Waumini wote wakasimama. Desturi hiyo ya kusimama husimuliwa kwamba ilianzia kwa Mfalme George wa Pili huko London, ingawa hakuna ushahidi wa wakati wake mwenyewe unaothibitisha habari hiyo. Sisi tuliipokea kutoka kwa waliotutangulia, na tunasimama.

Wimbo huu huchukua dakika kama nne. Tulikuwa tumefika kwenye "milele na milele", sauti zikipokezana, na kila kitu kilikuwa kinakwenda vizuri kuliko zoezi lolote tulilowahi kufanya, nilipoona kwamba benchi la kwanza lilikuwa na mtoto ambaye hakusimama na wenzake. Alikuwa mvulana mdogo, mjukuu aliyeletwa kutoka mjini, amevaa suti na tai ndogo nyekundu. Watu wazima walipoinuka, yeye alijikuta katika msitu wa miguu, uso kwa uso na kikapu. Akachuchumaa. Akashika pembe ya khanga kwa vidole viwili, akaifunua kidogo, akachungulia, akaifunika. Akaifunua tena. Mama yake alikuwa ameinua uso akitusikiliza kwa furaha. Mimi nilikuwa nayaona yote, na sikuwa na la kufanya, kwa kuwa sauti ya pili mahali pale haina hata nafasi ya kumeza mate.

Tukaingia kwenye zile Haleluya nne. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Katika ya nne mvulana aliivuta khanga yote.

Kimya kilikuja, na nataka ijulikane kwamba kilikuja kikamilifu. Karibu watu sitini wa kwaya, pamoja na matarumbeta, walikata neno kwa pamoja na kwa usafi. Shemeji alikuwa ameibana midomo yake kwa nguvu hata mashavu yakavimba. Hakuna aliyeendelea na safari, hakuna kiatu kilichosogea, na kanisa lote lililokuwa limejaa ngurumo ya sauti na shaba likawa tupu kabisa. Ndani ya utupu huo jogoo, aliyetoka gizani na kukutana na mwanga wa adhuhuri, alinyoosha shingo nje ya kikapu, akawika.

"Kokorikooo!"

Hakuwika kwa haraka. Alilivuta neno lake la mwisho hadi pumzi ilipomwishia, na kanisa letu lina dari ya mbao inayopokea sauti vizuri.

Kwanza watu waliganda. Kisha yule mvulana akacheka, kicheko cha juu cha mtoto aliyepata alichokuwa anatafuta, na kicheko hicho kikafungua mlango kwa wengine wote. Kilianzia mabenchi ya mbele, kikarudi nyuma, kikatoka hadi nje kwenye maturubai, ambako watu walicheka bila hata kujua kilichotokea. Upande wa sauti ya kwanza niliona mabega yakitikisika chini ya majoho. Mpiga tarumbeta mmoja aliondoa chombo mdomoni, jambo alilokatazwa. Mwenzangu wa kulia alinishika mkono akanibana kwa kucha ili asipasuke.

Mwalimu hakushusha mikono. Hakugeuka kumtafuta jogoo wala hakukunja uso. Alibaki vilevile, mikono ikiwa juu, macho yake yakipita kutoka sauti moja hadi nyingine, akimtazama kila mmoja mpaka na yeye amtazame. Tulikuwa tumefundishwa kimya cha mapigo machache, na sasa kilikuwa kimerefuka mara nyingi zaidi ya hapo, lakini maadamu mikono ile ilikuwa juu, wimbo ulikuwa haujaisha, na kila mwanakwaya alilijua hilo. Alikiacha kicheko kipande hadi kilipofika mwisho wake, akakiacha kianze kushuka. Kama angelazimisha kuendelea kabla ya hapo, tungeanguka. Kicheko na uimbaji hutumia pumzi ileile na misuli ileile ya tumbo. Anayecheka huitoa pumzi vipande vipande, na anayejizuia kucheka hufunga koo, kwa hiyo wote wawili hawawezi kushikilia sauti ndefu. Nimewahi kuona kwaya nyingine zikivunjika kwa sababu kiongozi alitaka kuwahi kuificha aibu, akaingiza watu wimboni wakiwa hawana pumzi.

Kicheko kilipokuwa kimeshuka na kubaki minong'ono, Mwalimu alifungua mdomo na kuvuta pumzi ndefu, ya wazi, ambayo hata waumini waliiona kifuani pake. Nasi tukavuta pamoja naye, kwa sababu ndivyo tulivyofanya jioni zote zile katika mstari uleule, mwili ukaitii mazoea kabla akili haijauliza. Katika kuvuta kule, kicheko kilichokuwa kimebaki vifuani kikaisha, kwa kuwa mtu hawezi kuvuta pumzi ya namna hiyo na kucheka kwa wakati mmoja. Mikono ikashuka. Besi wakashuka kutoka fa kwenda do, Shemeji akiwa mbele yao, na Haleluya ya mwisho ikaingia.

Nimeuimba wimbo huo kabla ya siku ile na baada yake, na sijawahi kusikia mwisho uliojaa kiasi kile. Nadhani sababu mojawapo ni kwamba waumini waliingia pamoja nasi. Hakuna aliyewakaribisha, walikuwa wamesimama, wamecheka pamoja nasi, wakaona Mwalimu anavuta pumzi, wakavuta, wakaimba. Kwa kawaida waumini husikiliza Haleluya kwa heshima ya mbali, wakiiona kuwa mali ya kwaya. Siku ile walikuwa ndani.

Mchungaji alipanda kwenye mimbari, akasubiri watu wakae, akatamka maneno ya mwisho ya Zaburi ya 150, "Kila mwenye pumzi na amsifu Bwana," kisha akaendelea na liturujia bila kuongeza neno. Baadaye palikuwa na wazee wachache walioona kwamba kucheka katika nyumba ya Mungu wakati wa wimbo mtakatifu ni dharau. Ninawaheshimu wazee hao, na kwa sehemu kubwa ya maisha yangu nimefikiri kama wao. Lakini nilikuwapo, na sikuona dharau katika uso wa mtu hata mmoja. Watu walicheka kwa sababu walikuwa wamesikiliza kwa makini mno; mahali ambapo hakuna anayesikiliza, jogoo huwika na hakuna anayegeuka.

Nje, mnada ulikuwa na habari moja tu. Mzee wa kanisa aliyekuwa akinadi aliziuza ndizi na mayai haraka haraka, kwani alijua watu walikuwa wanasubiri nini, kisha akamwinua jogoo juu kwa mikono miwili. Kabla hajataja bei ya kuanzia, babu mmoja aliyekaa kivulini aliuliza kwa sauti, "Kwanza tuambiane ukweli. Nani kati yetu amemkana Bwana?" Ilimlazimu mnadi asubiri kicheko kipite. Shemeji alikuwa wa kwanza kumnunua, akamlipia, na kama ilivyo desturi katika minada yetu, akamrudisha ili anadiwe tena. Wapiga matarumbeta wakachanga wakamnunua, wakamrudisha. Umoja wa akina mama ukamnunua, ukamrudisha. Jumla ya fedha ilipita mara kadhaa bei ya jogoo yeyote sokoni, na huenda angeendelea kuzunguka hadi jioni kama yule mvulana mwenye tai nyekundu hangeanza kulia. Alikuwa amesikia watu wakimtaja jogoo na sufuria, akaamini kwamba anakwenda kuadhibiwa kwa kuwika kanisani. Bibi yake akapenya katikati ya watu, akalipa, akamkumbatia jogoo kwapani, akatangaza kwamba mnyama huyu haliwi. Kwa kadiri ninavyojua, aliishi miaka yake yote kwenye kihamba cha bibi huyo, na kila Desemba mvulana akifika humtafuta kabla ya kuwasalimu watu.

Mwaka uliofuata sadaka zenye uhai zilianza kuwekwa nje, chini ya mparachichi, zikilindwa na vijana wawili wa kipaimara. Kwaya nayo ilibadilika. Mwalimu alikusanya nakala zote za Haleluya na kuagiza ziandikwe upya, nafasi tupu ikiwa na upana wake kamili, na ndani ya nafasi hiyo kila mmoja aandike kwa kalamu nyekundu neno PUMUA. Wengi tuliandika. Lakini kijana mmoja wa sauti ya tatu, mwenye mkono mzuri wa kuchora, aliweka mahali pale jogoo mdogo aliyenyoosha shingo, na ndani ya wiki chache jogoo huyo alikuwa amehamia katika karibu kila nakala ya kwaya. Anafanya kazi vizuri kuliko neno. Mgeni anayerudi kutoka mjini hamruki. Humwona, huuliza, husimuliwa, na aliyesimuliwa haingii tena kwenye kimya.

Kisha kwaya ya mtaa wa jirani ikaazima nakala yetu kwa ajili ya Pasaka na kuitoa fotokopi. Wino mwekundu ulitoka mweusi, jogoo akawa doa lenye mkia, na kabla ya wiki kwisha mwalimu wao akampigia simu Mwalimu wetu. Alisema ameisoma solfa tangu ujana wake na hajawahi kukutana na alama ile, naye aliomba aelezwe inaimbwaje na ni ya sauti ya ngapi.

"Ni ya sauti ya tano," Mwalimu alimjibu, "na nyinyi nyote mnamnyamazia."